Kontena la Mtoto Upareni (2): Makande Yaende Shule

Sehemu ya kwanza ilihusu uji wa asubuhi. Leo tufungue mkoba wa shule, tutazame kile chakula cha saa nne ambacho kwa watoto wengi wadogo hapa mjini Same kimekuwa biskuti na juisi ya unga. Wazazi hawafanyi hivyo kwa uzembe. Asubuhi muda hautoshi, biskuti haimwagiki, na mtoto hachekwi na wenzake. Lakini Upareni tuna chakula kinachoipita biskuti mbali sana, nacho tumekiacha kwenye sufuria ya jioni: makande, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja.

Protini ya mahindi imepungukiwa na laisini, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yana laisini tele, ila yana uhaba wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake, na mtoto asiyeona nyama kila siku anapata cha kumkuza. Faida hiyo tunaweza kuipunguza wenyewe jikoni. Mahindi yaliyokobolewa sana yamepoteza kiini chenye mafuta na vitamini za kundi B. Magadi nayo huivisha maharage upesi na kuokoa kuni, lakini huharibu vitamini B1. Ni heri kuloweka usiku kucha, kumwaga maji yale, kisha kuchemsha kwa maji mapya.

Kazi hii ianze jioni, na mtoto awemo. Mkalishe na ungo achambue. Muoneshe punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi au kutobolewa na wadudu, aitoe. Mtoto huona ni mchezo, lakini jambo lenyewe ni zito: sumukuvu, inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kuchambua hakuondoi sumu yote, na kupika hakuiui, kwa hiyo mahindi yakaushwe vizuri tangu yanapovunwa. Akimaliza, mwulize kesho atiliwe nini: karoti, njegere au hoho? Aliyechagua rangi za chakula chake hukifungua kwa hamu.

Makande ya shuleni yapikwe yakauke, yasije yakalowesha madaftari. Kaanga kitunguu na nyanya, tia karoti iliyokatwa vipande vidogo, mimina makande, malizia kwa karanga zilizosagwa, acha yanywe mchuzi. Tui la nazi ni tamu, ila kwa joto la Same silishauri, linachacha haraka.

Na joto ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida. Kinachofungwa saa kumi na mbili na nusu na kuliwa saa nne kimeshapita hapo. Basi tumia hotpoti ndogo. Ijaze maji yanayochemka kwa dakika chache, yamwage, kisha pakia makande yakiwa ya moto kabisa na ufunge papo hapo. Kama kuna kontena la plastiki tu, makande yabaki nyumbani. Mpe ndizi mbivu na karanga za kukaanga.

Pembeni weka tunda, wala si pambo. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage hufyonzwa kwa shida, na vitamini C huyasaidia. Pera lina vitamini C takriban mara nne ya chungwa kwa uzito uleule. Mji wetu uko upande mkavu wa milima, lakini magari yanayoshuka kutoka huko juu yanatuletea ndizi na parachichi, na tambarare zina mibuyu. Ubuyu mweupe, usiopakwa rangi wala sukari, ni hazina ya vitamini hiyohiyo, na mtoto huufyonza kwa furaha. Chai ya rangi isiambatane na chakula hiki, maana huzuia chuma kufyonzwa. Maji yaliyochemshwa yanatosha.

Wapo watoto wasiobeba kontena lolote, wanaotegemea sufuria ya shule na mahindi yanayochangwa na wazazi. Sehemu ya tatu itawahusu wao: namna kamati ya shule inavyoweza kuhifadhi mchango huo usiote ukungu, na kiasi cha maharage kinachostahili kuingia katika sufuria hiyo.