Saa ya Mwalimu na Hatua za Mkewe

Mwalimu mmoja mstaafu wa Ngulyati, wilayani Bariadi, alikuwa mtu wa miguu tangu ujana wake. Siku za kufundisha alikwenda shule kwa miguu, akarudi kwa miguu, na jioni akaingia shambani kupalilia pamba. Siku hizi hatembei. Akitaka kwenda mnadani hupiga simu, na bodaboda huja hadi mlangoni. Akitaka kwenda kanisani, vile vile. Akitaka maji ya kunywa, huita mjukuu.

Basi mwaka jana akaanza kuumwa kichwa kila asubuhi. Alipokwenda zahanati, akapimwa, akaambiwa ana presha. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, akashauriwa apunguze chumvi, tena atembee.

“Nitembee kwenda wapi?” akauliza.

Msicheke, wasomaji. Swali hilo ni la kweli. Mtu wa shamba akiambiwa afanye mazoezi huona kama ametukanwa. Mazoezi, asema moyoni, ni ya watu wa mjini wanaokimbia barabarani asubuhi bila kufukuzwa na mtu.

Mwanawe anayefanya kazi Mwanza aliposikia habari hizi, akaja na zawadi: saa ya mkononi, nyeusi, ya mpira, isiyo na mishale. Ukiigusa kioo chake, yakuonyesha saa ngapi, na chini yake umetembea hatua ngapi tangu usiku wa manane. Mwalimu akaivaa kutwa nzima. Jioni wakaitazama pamoja: hatua 1,900.

Mkewe alikuwa akichambua mboga. Akasema, “Mwalimu, hebu niazime hiyo saa yako kesho.”

Kesho yake jioni saa ilionyesha hatua 14,600. Mwalimu akaona imeharibika. Ili kuihakikisha, siku ya tatu akaivaa mwenyewe, akafuatana na mkewe kila alipokwenda: kisimani mara mbili, shambani, kutafuta kuni, mashine ya kusaga, kisimani tena. Mchana alikuwa amekwisha pita hatua 9,000, akaketi chini ya mwembe, miguu yamwuma. Alituambia maneno haya bila kuficha: “Miaka 41 ya ndoa nilidhani mama anashinda nyumbani.”

Yafaa kueleza saa hizi zafanyaje kazi, maana wengine hudhani ni uchawi. Ndani yake mna kitu kidogo kama punje ya mtama, chenye kuhisi mwendo. Mkono ukipunga mbele na nyuma kwa namna ya mtu atembeaye, saa yahesabu hatua. Upande wa chini, palipo na ngozi, mna taa ya kijani. Damu hunyonya mwanga wa kijani; kila moyo unapopiga damu huongezeka kidogo penye mkono, na mwanga unaorudi hupungua. Kwa njia hiyo saa yajua mapigo ya moyo.

Lakini saa hii ni karani asiyeona vizuri. Mama akibeba ndoo kichwani na mkono wake umeishika, mkono haupungi, na saa huacha hatua nyingi. Mtu akisukuma baiskeli yenye madumu ya maji, ni vile vile. Tena haijui uzito: lita 20 kichwani na mikono mitupu kwake ni mamoja. Nayo siku nyingine huandika hatua za bure, mtu akipunga mikono kwa mazungumzo. Kwa hiyo zile 14,600 za mama yamkini zilikuwa pungufu.

Hesabu hii ya hatua ina historia yake. Mwaka 1965, baada ya michezo ya Olimpiki iliyofanyika Tokyo mwaka 1964, kampuni moja ya Ujapani iitwayo Yamasa iliuza chombo cha kufunga kiunoni, jina lake manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua 10,000. Tangu hapo watu wengi duniani hushika hatua 10,000 kama amri. Kumbe lilikuwa jina la biashara. Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani walitoa habari za wanawake wazee zaidi ya 16,000, wa umri wa miaka 72 kwa wastani, waliovaa chombo cha namna hii. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliongezeka hadi kama hatua 7,500, kisha haikupanda tena. Mzee asiyefika 10,000 asife moyo.

Nasi tuna majirani waliopimwa hivyo. Ukitoka Bariadi kwenda kusini-mashariki, ukapita Meatu, wakaribia ziwa Eyasi, nchi ya Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wataalamu waliwavika mikanda ya kupima mapigo ya moyo. Habari zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba kwa siku moyo wa Mhadzabe hupiga kwa nguvu ya kazi zaidi ya saa mbili, na wenye presha walikuwa wachache, hata kati ya wazee. Shirika la Afya Duniani huwataka watu wazima wapate walau dakika 150 za namna hiyo kwa juma zima! Mwaka 2020 likaongezeka jambo lingine: Wahadzabe hao hao hupumzika karibu saa kumi kwa siku, kama watu wa mjini. Lakini hawakai sana vitini. Huchuchumaa, hupiga magoti, na misuli ya miguu yaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kiti cha plastiki chenye mgongo, ambacho siku hizi kila mwenye duka hushinda juu yake, hakikuwamo katika hesabu yao.

Je, wote tununue saa? Hapana. Mama mwenye kuchota maji, kulima na kupika hahitaji saa ya kumwambia atembee. Anahitaji mtu wa kumpokea ndoo. Saa yaweza kumfaa aliyeacha kutembea bila kujua: mwenye duka, dereva wa bodaboda, karani, mstaafu. Kabla ya kutoa fedha ajue kwamba nyingi zataka simu janja ya kuzipangia mambo, na zataka kuchajiwa mara kwa mara, jambo gumu penye umeme wa kubahatisha. Asiye nayo asilie. Tembea kwa haraka kiasi kwamba waweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Mwendo huo wafika hatua 100 kwa dakika au zaidi, hivi nusu saa ni hatua kama 3,000. Na kijana achezaye bugobogobo mpaka jasho limchuruzike, naye amefanya mazoezi, ingawa hakuna aliyemwambia.

Neno moja kwa wenye presha. Ziko saa zinazodai kupima presha kwa ile taa ya kijani. Usiziamini. Presha hupimwa kwa mkanda unaojazwa upepo mkononi, pale zahanati. Wala mtu asiache vidonge kwa kuwa saa imemsifu. Na ukitembea ukabanwa na kifua au ukaona kizunguzungu, simama, nenda kwa mganga siku ile ile.

Mwalimu wetu hajaacha vidonge vyake. Lakini siku hizi alfajiri hufunga madumu mawili kwenye baiskeli, akaisukuma hadi kisimani na kurudi. Mara ya kwanza alirudi amelowa jasho, akaitazama saa: hatua 600 tu! Alikasirika, akataka kumpigia mwanawe simu, mpaka mjukuu alipomweleza habari za mikono isiyopunga. Sasa anapokwenda kisimani huifunga saa kwenye kifundo cha mguu, juu ya kandambili, na watoto wa jirani humfuata wakiita, “Babu, leo ngapi?”

Mwezi uliopita alipimwa tena, na presha ilikuwa imeshuka. Mkewe tulimwuliza anaionaje saa ile.

“Saa siijui,” akajibu. “Najua kwamba sasa nikiamka nakuta pipa limejaa.”