Kutoka Maskati kwa Gari

Wageni wanaotujia Maskati kutoka Unguja, Mombasa au Dar es Salaam huniuliza kwanza kilomita. Nizwa ni mbali? Na Sur? Mimi huwauliza saa ngapi wanaweza kuamka. Barabara kuu za Omani ni pana, lami yake safi, na nyingi zinaruhusu mwendo wa kilomita 120 kwa saa, kwa hiyo umbali hausumbui. Kinachosumbua ni jua. Asubuhi inafaa, alasiri inafaa, na katikati yake mtu anatakiwa awe kivulini, majini au mezani. Ndiyo maana kila anayetaka kutembea nje ya mji nampa ushauri ule ule: siku moja, barabara moja, na uanzie mwisho wake.

Yaani uondoke baada ya sala ya alfajiri, uendeshe bila kusimama mpaka pale pa mbali kuliko pote ulipopanga, kisha urudi ukituatua njiani. Wengi hufanya kinyume. Husimama kila wanapoona kitu cha kupiga picha, na wakifika mahali walipopakusudia hasa ni saa saba mchana, mawe yanawaka na watoto wanalia.

Maskati imejinyoosha pwani, bahari upande huu na milima ya Hajar upande ule. Vilima vilivyouzunguka mji ni vya kahawia iliyokolea, karibu vyeusi, na havina hata nyasi. Ni miamba iliyokuwa sakafu ya bahari na tabaka la chini yake, ikasukumwa juu ya nchi kavu mamilioni ya miaka iliyopita. Sehemu nyingi duniani miamba ya namna hii imefukiwa chini kabisa ya bahari, na wanajiolojia husafiri kutoka mbali kuja kuiona hapa. Wewe unaipita dirishani hata kabla hujamaliza kahawa yako. Wapwa zangu siwaruhusu kulala kipande hiki cha njia.

Msimu ni kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Machi. Nje ya miezi hiyo usijidanganye. Quriyat, mji wa wavuvi kusini-mashariki mwa Maskati, ulipitisha saa 24 mwezi Juni 2018 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, hata usiku wa manane. Ilikuwa rekodi ya dunia. Kiangazi pa kwenda ni mlimani tu.

Na kwa dereva aliyezoea Tanzania au Kenya: hapa tunaendesha upande wa kulia. Kwenye barabara iliyonyooka utazoea haraka. Penye hatari ni kwenye kipilefti, kwa sababu magari unayopaswa kuyapisha yanatoka kushoto kwako na macho yako yanatazama kulia. Kabla ya safari ndefu, zunguka mtaani kwako Ijumaa asubuhi wakati mji umelala.

Barabara ninayoipenda kuliko zote ni ya Sur, inayofuata pwani kwa kilomita kama 200. Ijue tabia yake: asubuhi za baridi jua linachomoza mbele yako na kukupiga usoni, na jioni ukirudi linaingia dirisha la kushoto, ambako ndiko anakokaa dereva. Chukua miwani. Pita Quriyat, pita yote, mpaka Tiwi, ushuke Wadi Shab. Magari huegeshwa chini ya daraja la barabara kuu. Kiboti kidogo kinakuvusha dimbwi la kwanza kwa ada ndogo, halafu unatembea chini ya mitende na juu ya mawe kwa muda wa dakika 45 hivi, kuta za korongo zimekusimamia pande zote mbili. Ukifika mapema, ukuta mmoja bado una kivuli. Baada ya hapo njia ni maji yenyewe: unaogelea dimbwi hadi dimbwi, na mwisho kuna ufa mwembamba kwenye mwamba, unapenyeza kichwa tu, na ndani yake kuna pango lenye maporomoko ya maji. Asiyejua kuogelea aishie pale njia ya miguu inapoishia, na asione haya. Vaeni nguo za kujisitiri mkiwa majini. Pale ni kwa watu, wana mashamba yao na watoto wao.

Ukitoka Wadi Shab chagua moja, hata kama ni kuivunja kidogo kanuni yangu ya kuanzia mwisho. Ukiendelea mbele kidogo kuna Qalhat, mji uliokufa, wenye kaburi la Bibi Maryam limesimama peke yake juu ya mteremko unaotazama bahari. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kwa msomaji wa pwani yetu pana jambo zaidi: Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika na Qalhat, na ameusifu msikiti uliojengwa na Bibi Maryam. Kilwa na Qalhat zilikuwa kwenye bahari moja ya biashara, na ukizitazama kuta za Qalhat unaikumbuka Kisiwani bila kuambiwa. Uliza kwanza kama pamefunguliwa, maana wakati mwingine hufungwa kwa ukarabati. Mbele zaidi ni Sur penyewe, mji wa majahazi. Vyombo vya Sur vilikuja kwetu na kaskazi, vimepakia tende na samaki mkavu, vikarudi na kusi vimebeba boriti za mikoko. Karakana ya majahazi bado ipo.

Kama umechoka, acha yote hayo, geuza gari, usimame Hawiyat Najm njiani kurudi. Ni shimo kubwa la mviringo, na chini yake maji ya kijani-buluu. Wenyeji husimulia kwamba nyota ilianguka hapo. Kwa hakika ni chokaa iliyoyeyuka chini kwa chini mpaka paa lake likaporomoka. Pana ngazi, pana miti ya kivuli, pana vyoo. Alasiri yake ni nzuri sana.

Sasa maji, na hapa naomba nisikilizwe. Wadi ni njia ya mvua. Huweza kukaa kavu miezi, watu wakapika na kulala humo, kisha mvua ikanyesha mlimani, mbali, huku kwako jua linawaka, na maji yakafika yakiwa na matope na mawe. Kwa hiyo mbingu ya kuangalia ni ile iliyo juu ya milima. Ya Maskati haitakwambia kitu. Ukiona wingu zito huko, au maji yaliyokuwa angavu yameanza kuchafuka, panda juu mara moja, viatu viache. Kuvusha gari kwenye wadi inayotiririka kumekatazwa na sheria, na pia ni kujiua. Aprili 2024 mafuriko kule Samad al-Shan yalichukua watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari, na nchi nzima ililia. Siku ambayo utabiri unataja mvua, mimi siendi. Hakuna mgeni aliyewahi kunibembeleza nikabadilisha.

Barabara ya pili ni ya Nizwa, kilomita kama 160, na hii ina huruma kwa macho: asubuhi jua liko nyuma yako kwa upande, na jioni liko mgongoni. Njia inapita kwenye uwazi wa Samail, pengo linaloikata milima ya Hajar, na mitende imeufuata kama ukanda. Ukitaka soko la mbuzi, liko Ijumaa asubuhi na mapema. Wauzaji wanawazungusha mbuzi kwa kamba na wanunuzi wamekaa duara. Kufika saa tatu ni kuchelewa. Ngome yenye mnara mkubwa wa duara ilijengwa na Imam Sultan bin Saif katika karne ya 17, na kutoka juu yake unaona jinsi mji ulivyozama ndani ya mitende.

Lakini kama wewe ni mtu wa milima, usichanganye Nizwa na Jabal Akhdar siku moja. Kwenye njia ya kupanda kutoka Birkat al-Mawz pana kizuizi cha polisi, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipandi. Ni haki kabisa: mteremko ni mkali, na wakati wa kushuka lazima utumie gea ndogo, la sivyo breki zitapata moto. Juu, Saiq, ni kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni ya nchi nyingine. Mwisho wa Machi hadi Aprili mawaridi yanachanua kwenye vitalu vya ngazi, yanachumwa asubuhi na kupikwa marashi. Makomamanga huiva kiangazi kikiisha. Nenda majira ya mawaridi kama unaweza kuchagua.

Wenye watoto wadogo wataipenda Nakhal, iliyo karibu zaidi na Maskati: ngome juu ya jabali na chemchemi ya maji ya uvuguvugu ya Thowarah, ambamo watoto huloweka miguu siku nzima. Ukisonga mbele ni Rustaq, alikozikwa Imam Ahmad bin Said, aliyeasisi ukoo wa Busaidi uliokuja kutawala Zanzibar. Mchanga wa Sharqiya, na ngamia wake na mahema yake, unautaka usiku mzima. Kwa siku moja sioni faida.

Badala yake, nenda Ibra. Vipeperushi havipasifii sana, nami nasikitika. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa barabara kuu, na Jumatano asubuhi pana soko la wanawake. Kwenye mitaa ya zamani zimesimama nyumba za wafanyabiashara waliotajirika kwa biashara ya Bara Hindi na Afrika Mashariki, nyingi zimebomoka. Nilipokuwa nikiongea na mke wangu mbele ya mlango mmoja wa mbao, mzee aliyekuwa akipita alisimama na kuuliza kwa Kiswahili cha Unguja kisicho na doa, "Nyinyi wa wapi, wanangu?" Tukampa shikamoo, akaipokea, akatuchukua kwake kunywa kahawa na kula halua. Wazee wa namna hiyo bado wapo Ibra. Salimia kwa sauti, uache nafasi kwenye ratiba, na ukialikwa usikatae. Ila saa tisa na nusu uage, kwa sababu ngamia na punda huzurura kandokando ya njia za vijijini, na gizani dereva huwaona akiwa ameshawafikia.