USALAMA NA AFYA: Ndege Mbili Zikikosana Kidogo Tu



Jiwe likianguka mgodini na kupita kando ya kichwa cha mtu, kapita mwenye akili hasemi «hakuna kitu». Anasimamisha kazi, anatazama paa, anaandika saa na mahali. Anajua kwamba jiwe la kwanza limekosa, lakini la pili linaweza kupata. Angani ni vile vile. Ndege mbili zikipishana karibu sana bila kugusana, ile si bahati ya kuchekelea. Ni onyo.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Lusangi, kwa sababu mvua ikiharibu barabara za Kasongo na Kabambare, ndege ndiyo inabeba mgonjwa, dawa na vipuri.

Kwa nini hatari iko karibu na kiwanja?

Mbali na kiwanja, anga ni pana. Karibu na kiwanja, ndege zote zinatafuta njia moja, zikishuka ao zikipanda. Hapo ndipo piloti ana kazi nyingi: magurudumu, mwendo, upepo, radio. Tena, ndege yenye mabawa juu haioni vizuri kilicho juu yake, na yenye mabawa chini haioni kilicho chini. Ile ya mabawa chini ikishuka juu ya ile ya mabawa juu, zote mbili ni vipofu.

Viwanja vingi vidogo havina mnara wa kuongoza ndege. Mapiloti wanaambiana wenyewe kwa radio: niko wapi, juu gani, nitafika saa ngapi. Katika njia za mbali, sehemu nyingi za Afrika, wanatangaza hivyo kwenye 126.9. Mmoja akinyamaza ao akisikiliza namba nyingine, mwenzake anadhani yuko peke yake.

Hata mnara hautoshi. Tarehe 5 Machi 2024, karibu na kiwanja cha Wilson, Nairobi, chenye mnara na ndege nyingi, ndege ya Dash 8 iliyobeba watu 44 kwenda Diani iligongana na Cessna 172 ya shule ya urubani. Ile kubwa ilirudi salama. Watu wawili wa Cessna, mwalimu na mwanafunzi, walikufa.

Jicho linadanganya

Ndege inayokuja kukugonga haionekani kutembea. Inakaa mahali pamoja kwenye kioo kama alama ya nzi, halafu inakuwa kubwa kwa ghafula. Na jicho la mtu linavutwa na kitu kinachotembea, si kinachotulia. Wataalamu wa Marekani walihesabu kwamba, tangu piloti aone kitu mpaka ndege igeuke, zinapita sekunde 12 na nusu. Ndege mbili za mwendo wa kilometa 250 kwa saa, zikija uso kwa uso, zinamaliza karibu meta 1 700 katika muda huo. Kwa hiyo piloti anatazama anga kipande kwa kipande, akituliza macho kidogo kila mahali. Sheria inasema: mkikutana uso kwa uso, kila mmoja ageuke kuume.

Usingizi mdogo, homa ya malaria, pombe ya jana na njaa vinachelewesha jicho na mkono. Moshi wa mashamba wakati wa kiangazi unaficha ndege ndogo kabisa.

Sisi wa chini tufanye nini?

1. Msipitishe mbuzi, baiskeli wala watoto kwenye kiwanja. Piloti akikuta mnyama analazimika kupanda tena, na huko juu anaweza kukutana na ndege inayomfuata.

2. Msimharakishe piloti, hata tukiwa na mgonjwa mahututi. Akisema anangoja ndege nyingine ishuke, tungoje. Sisi wa dispansere tutamtunza mgonjwa hapo hapo.

3. Mwenye kazi ya radio aseme kweli juu ya mawingu, moshi na saa ya ndege zinazongojewa. Kama zinakuja mbili, kila piloti aambiwe habari ya mwenzake.

4. Droni za kupima mgodi zisirushwe karibu na kiwanja bila ruhusa ya mkubwa wake.

5. Ukiwa ndani ya ndege na kuona nyingine karibu, usinyamaze kwa haya. Mwonyeshe piloti upande kwa mkono. Pengine yeye hajaiona.

6. Ukiona toka chini ndege mbili zimekaribiana, andika saa, upande zilikotoka na rangi zake, upeleke kwa mkubwa wa kiwanja siku ile ile.

Wakubwa nao wasimkemee anayeleta habari, wala piloti anayesema «nilikosa kidogo kugongana». Akiadhibiwa leo, kesho wote watanyamaza, nasi tutapata habari kwa kuhesabu maiti.

Kumbukeni: ajali iliyotukosa imetufundisha bure. Tusingoje ile ya kulipia.