Feni ya rejeta haizunguki? Pima kwanza, nunua baadaye

Mwezi uliopita kirikuu yangu ilichemsha nikiwa nusu ya njia kwenda sokoni, imejaa matenga ya nyanya. Feni kimya. Fundi wa kwanza akataka ninunue sensa. Kumbe ni rilei tu! Vijana wenzangu, kabla hujatoa hela, fanya hivi:

1. Acha injini ipoe kabisa ndipo ufungue mfuniko wa rejeta. Maji yakipungua sana, sensa inabaki hewani na haisomi joto sawasawa.
2. Washa injini, kisha AC kama ipo. Kwenye gari nyingi feni huanza hapo hapo. Ikizunguka, mota ni nzima. Shuku sensa au waya wake.
3. Isipozunguka, angalia fyuzi. Imeungua? Weka ya ampea zilezile, usiunge kwa waya.
4. Badilishana rilei na ya honi kama zinafanana. Mimi tatizo nililikuta hapa.
5. Bado? Zima gari, chomoa soketi ya feni, ipe moto wa betri moja kwa moja, mikono mbali. Ikigoma, mota imekufa. Ikizunguka, fuatilia waya.

Mshale wa joto ukipanda njiani, simama. Nyanya utahamishia gari jingine. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, faida ya msimu inaishia gereji.