Bembelezi ya Mto Tana

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo nawasimulia habari za wimbo mnaouimba mmesimama wima, mikono ubavuni, bendera ikipanda mlingotini. Maneno yake mnayajua yote, nimewasikia. Lakini je, mwajua kwamba wimbo wa taifa la Kenya hapo kale ulikuwa wa kumlaza mtoto?

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini. Maji yake huanza safari katika milima ya Aberdare, hukata nyika kwa takriban kilomita 1,000, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kandokando yake wanaishi Wapokomo, wakulima wa mpunga, ndizi na maembe, na wavuvi hodari. Mama wa Kipokomo alipotaka mwanawe alale, alimwimbia polepole, sauti ikipanda na kushuka, mpaka kilio kikaisha. Wimbo ulikaa vinywani mwa akina mama na mabibi, mwana akaupokea kwa mzazi, naye akamwachia mwanawe.

Ukafika mwaka 1963. Uhuru ulikuwa mlangoni, na nchi huru haiwezi kuendelea kuimba wimbo wa kumwombea malkia wa Uingereza. Kazi ya kutafuta wimbo mpya wakapewa watu watano. Alikuwapo Graham Hyslop, Mwingereza aliyekipenda Kiswahili hata akatunga tamthilia kwa lugha hiyo. Alikuwapo George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu muziki wa asili wa Kenya. Washington Omondi alikuja kuwa bingwa wa elimu ya nyatiti, ala ya muziki yenye nyuzi. Wengine walikuwa Peter Kibukosya na Thomas Kalume, mtu wa Pwani.

Walitaka lahani iliyozaliwa hapa hapa nyumbani, wakaichagua bembelezi ya Wapokomo. Mimi naona walikuwa na busara kubwa. Nchi yenye makabila zaidi ya 40 ilichukua sauti yake kwa watu wachache wa mtoni. Tena hawakuchukua wimbo wa vita wala wa kumsifu mtawala. Walimsikiliza mama anayebembeleza.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Bembelezi huimbwa na mtu mmoja, kwa sauti ya chini, naye hana haraka ya kufika mwisho. Wimbo wa taifa huimbwa na umati, na bendi huupiga kwa tarumbeta na ngoma mbele ya askari waliokakamaa. Basi wale watano waliipangia lahani ile sauti kadhaa, wakaipa mwendo wenye uzito, wakaiandikia beti tatu kwa Kiswahili na tatu kwa Kiingereza. Jambo moja hawakuliondoa, nami nawashukuru kwa hilo: ile huzuni yake. Sikilizeni vizuri. Nyimbo nyingi za mataifa hushangilia tangu mwanzo, lakini huu wetu una majonzi ndani yake, kama sauti ya mzazi aliyekesha.

Maneno nayo hayajigambi. Hakuna adui anayetajwa wala damu inayomwagika. Ubeti wa kwanza ni dua, wa pili unatuita tuamke tuitumikie nchi, wa tatu unatutaka tujenge kwa umoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, pale Lang'ata jijini Nairobi, taa zilizimwa na bendera ya Uingereza ikashushwa gizani. Taa zilipowaka tena, bendera ya Kenya ilikuwa ikipanda na wimbo mpya ukipigwa. Fikirini: wapo waliokuwa wameufahamu tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao!

Miaka mitano baadaye ukavuka bahari. Kwenye Olimpiki ya mwaka 1968 kule Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Naftali Temu alishinda mbio za mita 10,000. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, na desturi ni kwamba mshindi wa dhahabu hupigiwa wimbo wa nchi yake. Siku chache baadaye Amos Biwott akashinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji, kisha Kipchoge Keino akamwacha mbali Mmarekani Jim Ryun katika mita 1,500. Mara tatu walimwengu wakasimama kuiheshimu lahani ya akina mama wa Tana.