Mizani 16 ndani ya biti

Dogo aliingia chumbani kwangu na simu mkononi, mistari yote ameiandika humo humo, akaomba nimwekee biti aliyotumiwa na prodyuza rafiki yake. Pumzi ilipomkatikia katikati ya mstari kwa mara ya tatu, alivua hedifoni akasema, "Kaka, hii biti inanikimbiza." Biti yenyewe ilikuwa mapigo 90 kwa dakika, mwendo wa mtu anayerudi nyumbani bila haraka. Nikamwomba anisomee mstari wa kwanza bila muziki. Akasoma: "Nimekwishakueleza kwamba mtaani kwetu hakuna utani."

Nikahesabu kwa vidole. Mizani 22.

Msomaji ambaye hajawahi kukanyaga studio anaweza kudhani tatizo la dogo lilikuwa kifua. Kwa miaka niliyokaa kwenye kiti cha kuchanganya sauti, nimeona kwamba hesabu hii ndogo ndiyo huamua kama mchanaji wa Kiswahili atasikika mkali au atasikika kama anasoma tangazo la msiba.

Baa moja ya hip-hop ina mapigo 4. Kila pigo hugawanywa mara 4, na kwenye skrini ya kompyuta unaviona vyumba 16 vimepangwa kwa mstari. Kwa kasi ya mapigo 90, baa nzima hupita kwa sekunde 2.7 hivi. Kiki hubeba pigo la kwanza na la tatu (nasema kiki ya ngoma, siyo zile kiki za mitandaoni), na sneya hulia kwenye la pili na la nne, yaani chumba cha 5 na cha 13. Ukiweka silabi moja kila chumba, kwenye silabi ya 16 nyumba imejaa. Dogo alikuwa na wapangaji 22. Alikuwa akijaribu kuwabananisha wote, na yeye mwenyewe hakujiachia hata dirisha la kuvutia hewa.

Hiyo 16 haitakuwa ngeni kwa mtu aliyesoma ushairi shuleni. Mshororo wa shairi la tarbia una mizani 16: 8 za ukwapi, 8 za utao, kina katikati na kina mwishoni. Sidai kwamba hip-hop ilitoka Tanga. Ilizaliwa Bronx, New York, na siku inayotajwa zaidi ni Agosti 11, 1973, DJ Kool Herc alipopiga muziki kwenye sherehe katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue. Ni bahati ya hesabu tu kwamba nne mara nne ya ngoma yao imelingana na nane mara mbili ya malenga wetu. Lakini ni bahati ambayo wachanaji wetu wameiona. Fid Q wa Mwanza aliiita albamu yake "Vina Mwanzo, Kati na Mwisho", jina ambalo ungeweza kulikuta kwenye mtihani wa fasihi. Nash MC naye ana "Mzimu wa Shaaban Robert".

Mimi hufurahishwa na kichekesho kimoja cha historia. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa "Kichomi", diwani ya mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, ugomvi ulikuwa mkubwa, na watetezi wa vina wakaonekana wazee wanaolinda makaburi. Nani angebashiri kwamba walinzi wapya wa vina wangekuwa vijana wenye kofia za besiboli, wamekaa maskani, wanagombana kama silabi mbili zinazolingana zinatosha?

Na kwa kweli hazitoshi, angalau kwa andagraundi. Kiswahili kinagawa vina bure. Karibu kila neno letu linaishia na irabu, vitenzi vya Kibantu karibu vyote huishia na "a", na ukitia "ni" ya mahali unapata mtaani, nyumbani, kazini, sokoni mpaka kesho asubuhi. Mchanaji anayefunga mistari minne kwa "ni" ya mahali amefanyiwa kazi na sarufi. Wenye macho makali hutaka sauti zirudi nyuma zaidi, silabi mbili, tatu, hata nne, na maneno yawe ya ukoo tofauti. Kwa hiyo mstari wa dogo, pamoja na uzito wake wote, ulikuwa na kito ndani: mtaani na utani. La kwanza limebeba "ni" ya mahali, la pili "ni" yake ni ya kuzaliwa. Sikutaka kukipoteza.

Tukaanza kupunguza. "Nimekwishakueleza" ni Kiswahili safi cha kitabuni chenye silabi 8, lakini hakuna mtu wa Dar anayeongea hivyo akiwa na hasira. Atasema "nshakwambia": silabi 5, na ile "n" ya mwanzo inahesabiwa. "Kwamba" ikaondoka bila kuagwa. "Kwetu" ikafuata, maana anayesema mtaani kila mtu anajua ni kwake. "Hakuna" ikawa "hamna". Ukabaki hivi: "Nshakwambia, mtaani hamna utani." Mizani 15.

Akachana. Pumzi ilitosha, lakini bado kulikuwa na kitu kimepinda, akakisikia mwenyewe kabla sijasema. Sababu iko kwenye mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, u-TA-ni. Akianza pale pale baa inapoanza, "TA" inaangukia chumba cha 14, hatua moja baada ya sneya, kama mtu anayegonga mlango ulio wazi. Nikamwambia aanze hatua moja mapema, ile "n" itangulie kabla ya kiki. Kila kitu kikasogea. "TA" ikakutana na sneya uso kwa uso kwenye chumba cha 13, "ni" ikadondoka nyuma yake, na chumba cha 15 kikabaki kitupu kwa ajili ya mapafu. Sneya ya kwanza nayo ikaiangukia "m" ya mtaani. Hiyo "m" ni silabi kamili kwetu, inajitegemea, na ikipigwa na sneya inasikika kama ngumi ya tumbo. Nilimsogeza karibu na maiki ili isipotee.

Prodyuza wengi wapya hulikosa hilo. Maneno mafupi ya Kiingereza humruhusu mchanaji wao kumaliza kina juu ya sneya yenyewe na kunyamaza. Sisi mkazo ukishapiga bado tuna silabi moja mkononi. Prodyuza akijaza nafasi iliyo nyuma ya sneya kwa haihati za mfululizo na vionjo, ile irabu ya mwisho, ambayo ndiyo kina chenyewe, inafunikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Saleh Jabir alipokuwa akiweka Kiswahili juu ya biti za Wamarekani, hakuwa na la kufanya. Nguo ilishonwa kwa mwili mwingine. Baadaye Master J, P-Funk Majani na Mfini Miikka Mwamba wakaanza kushona kwa vipimo vya hapa. Leo tunapakua biti mitandaoni zilizotengenezwa Atlanta au London, tukarudi kwenye nguo za kuazima.

Wakenya wamelitatua tatizo la maneno marefu kwa njia nyingine. Tangu Kalamashaka wa Dandora walipotoa "Tafsiri Hii" mwaka 1997 hadi Wakadinali wa sasa, Sheng imekuwa mkasi: mse, buda, doo, maneno ya silabi moja au mbili yanayopenya hata kwenye drili ya mapigo 140. (Usitishwe na 140, kichwa cha msikilizaji hutikisika kwa 70.)

Kuna jambo la mwisho la kiufundi, na ndilo nililo mgumu nalo. Silabi za Kiswahili zina urefu unaokaribiana. Programu kama FL Studio, iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la Fruity Loops na ambayo vijana wengi wa hapa wamejifunzia, huivuta kila ngoma ikae sawasawa kwenye mstari wake. Weka silabi sawa juu ya ngoma sawa, unapata darasa la kwanza linaloimba a, e, i, o, u. J Dilla wa Detroit, aliyefariki Februari 2006, alisifika kwa kuzima unyooshaji huo na kuzipiga ngoma kwa vidole kwenye mashine ya MPC, sneya ikiwahi kidogo, kiki ikichelewa kidogo. Biti ya namna hiyo kwetu ni dawa, kwa sababu ulegevu ambao lugha haina unatoka kwenye ngoma. Sikiliza kazi za Duke wa M Lab na wachanaji wa Tamaduni Muzik, One the Incredible au Nikki Mbishi, uone jinsi sampuli inavyopumua ili maneno yapite.

Kwa nini mambo haya hukaa zaidi andagraundi? Hapa Bongo, neno hilo lina maana mbili zinazogombana. Kwa wengi, andagraundi ni msanii ambaye bado hajatoka, ni foleni. Kwa wachache ni makazi, na hawana mpango wa kuhama. Hao wa pili, waliouza kanda mseto zao mkono kwa mkono bila kungoja redio, wana anasa moja ambayo staa hana: hakuna anayewadai kiitikio kabla ya sekunde ya 30. Wanaweza kukesha na vasi moja yenye baa 16. Fanya hesabu kwa mapigo 90: vyumba 256, sekunde 43.

Dogo alirudi wiki iliyofuata. Safari hii alikuja na daftari, kila silabi ameiwekea kinukta juu kwa penseli, pambizoni namba: 15, 16, 14, 15. Nikapitisha kidole mpaka mstari wa tisa. 17.

"Huu umezidi, mdogo wangu."

"Najua, kaka," akasema, akivaa hedifoni. "Wewe ruhusu tu, usikie hiyo moja inaenda kulala wapi."