Kwata Pekee Haimjengi Kiongozi

Kijana akipotoka, au ofisi ya umma ikifanya kazi kwa kusuasua, hakosekani mtu wa kusema: wapelekwe jeshini wakanyooshwe. Anaposema hivyo huwa anafikiria mchakamchaka wa alfajiri, jua la saa saba na afande asiyecheka. Hayo yote humpa mtu ukakamavu, na humzoesha kutii. Kuwajibika ni somo jingine, nalo lina mbinu zake.

Ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Askari wa Tanganyika Rifles walirithi mafunzo ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na kwa gwaride walikuwa safi. Hata hivyo, Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito jijini Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, waliasi na kuwakamata maofisa wao Waingereza. Walidai mishahara mizuri zaidi na maofisa Waafrika. Madai yalikuwa na hoja. Njia waliyoichukua ilikaribia kuiangusha nchi changa. Serikali ililivunja jeshi hilo, na Septemba 1 mwaka huohuo ikaunda Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, ikianzia na vijana wa chama cha TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lililokuwa limeanzishwa Julai 10, 1963. Waasi wale walifundishwa kumtii mkubwa aliyesimama mbele yao. Heshima ya mkubwa huyo ilipokwisha, utii nao ukaisha.

Basi uwajibikaji hufundishwaje? Hatua ya kwanza tuione katika zamu ya lindo. Saa nane usiku askari anaamshwa kwenda kumpokea mwenzake. Hapokei kwa kupunga mkono. Bunduki inakaguliwa, risasi zinahesabiwa wote wawili wakiona, na anayetoka anaeleza alichokiona na alichokisikia. Kuanzia hapo, likitokea lolote, hakuna haja ya kuunda kamati: inajulikana lilitokea katika mikono ya nani. Kazi ina mwanzo na mwisho, ina mwenyewe mmoja, na matokeo yake yanaonekana kabla hakujapambazuka. Linganisha na faili linalopita meza sita, kisha likipotea kila meza inasema ililipeleka mbele.

Hatua ya pili ni kumbebesha mwanafunzi mzigo wa wenzake. Kuruta hupewa kuongoza seksheni, watu wapatao kumi, ambao jana alikuwa sawa nao. Asubuhi hanga wanamolala linakaguliwa. Kitanda kimoja hakijatandikwa sawasawa. Mkufunzi hamtafuti mwenye kitanda, anamgeukia kiongozi. Kiongozi mpya hukimbilia jibu lilelile: "Afande, nilimwambia." Jibu hilo halipokelewi, kwa kuwa kazi yake haikuwa kusema. Kazi ilikuwa kuhakikisha kitanda kimetandikwa. Katika chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1802, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapoulizwa na mkubwa wake ana majibu machache tu yaliyoruhusiwa, na mojawapo ni kwamba hana kisingizio. Wageni huona ni ukatili, maana huenda sababu anayo tena ya kweli. Lakini lengo ni kumwondolea mazoea ya kuanza na utetezi. Kwanza likubali jambo kuwa ni lako. Sababu zitasikilizwa baadaye, mahali pake.

Mahali pake ndipo panapokuja hatua ya tatu: tathmini baada ya zoezi. Jeshi la Marekani liliirasimisha katika miaka ya 1970. Kamanda na askari wake huketi pamoja wakiwa bado na vumbi, wakajiuliza tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini, na safari ijayo tufanyeje. Askari wa chini kabisa ana ruhusa ya kusema kuwa amri ya kapteni ilichelewa, na kapteni hana budi kusikiliza. Hatua hii ikikosekana, zile mbili za kwanza hugeuka mtego: lawama zinashuka ngazi kwa ngazi mpaka zimkute mnyonge.

Hatua zote tatu humtegemea mkubwa anayeanza na nafsi yake. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia JKT kwa lazima, likiwemo lile la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara baada ya kutoka kambini. Rais, Mwalimu Nyerere, aliwarudisha nyumbani karibu 400. Wengi hukumbuka adhabu hiyo. Kwa anayesomesha uongozi, zito zaidi ni alilofanya siku hiyohiyo: alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliyewadai vijana wajinyime alianza kwa kujinyima. Miezi michache baadaye, Azimio la Arusha likawawekea viongozi masharti ya uongozi.

Hata hivyo, mafunzo ya jeshini yana mipaka. Adhabu ya pamoja ikitumiwa kwa kiasi huwafanya vijana waangaliane. Ikizidi, huwafundisha kufichiana. Kipigo na matusi humfundisha kuruta kitu kimoja kwa ufanisi mkubwa: kudoji bila kukamatwa. Isitoshe, kambi ni mahali ambapo kila kitu kinaonekana, na muda wa kukaa humo ni mfupi. Utaratibu wa JKT kwa mujibu wa sheria ulisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, na sasa wahitimu wa kidato cha sita hukaa miezi michache tu. Kijana akitoka huko akaingia kazini ambako hakuna anayemuuliza kitu, tabia aliyoanza kuijenga itamtoka mapema kuliko vumbi la buti zake.

Ndiyo maana ni makosa kuiachia kambi kazi yote. Meneja, mwalimu mkuu au mwenyekiti wa ushirika anaweza kudai makabidhiano ya ana kwa ana, kila kazi iwe na jina moja, na kikao cha tathmini ambamo wadogo wanatangulia kusema na yeye anataja sehemu yake katika kilichoharibika. Hayo hayahitaji bunduki wala magwanda. Kiongozi asiyeyaweza ofisini kwake asiwalaumu vijana kwamba hawakupitia jeshini.